Kati ya Malaba na Malabo, pesa ya shangazi ilipotelea wapi?

Shangazi yangu anauza vitenge na madera pale Tala, safari fupi tu ya bodaboda kutoka hapa Kangundo ninapoandikia. Mzigo wake mwingi hutoka Kampala, kwa mama mmoja ambaye wamefanya naye biashara miaka minne bila kuonana uso kwa uso. Mama wa Kampala anatuma picha kwa WhatsApp, shangazi anachagua, anatuma pesa kwa simu, mzigo unapanda basi jioni, unavuka mpaka usiku, kesho yake uko Nairobi. Hiyo ndiyo biashara ya Afrika Mashariki ya watu wasiovaa suti.

Asubuhi moja akapata ujumbe. Namba ni ile ile, picha ni ile ile, hata mazungumzo ya zamani yako hapo juu yake. "Dada, laini yangu ya pesa imeleta shida. Leo tuma kwa hii ya binti yangu." Shangazi akatuma Sh38,000. Elfu 20 zilikuwa zake, elfu 18 alikuwa amekopa kwa chama chao cha akina mama.

Baada ya saa moja hivi, simu ikalia. Ni mama wa Kampala mwenyewe, anapiga kwa laini nyingine, sauti inatetemeka. WhatsApp yake ilikuwa imetekwa. Mtu alimpigia akijifanya mteja, akamwomba amsomee tarakimu sita zilizoingia kwa simu yake "kimakosa". Akasoma. Akafungiwa nje ya akaunti yake mwenyewe, na mwizi akaanza kuzungumza na wateja wake mmoja mmoja.

Shangazi akapigia kampuni ya simu. Akaambiwa pesa imeshapokelewa upande wa pili, kwa mtandao wa nchi nyingine, kwa hivyo aende polisi. Tukaenda naye kwa kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu sidhani yule afande alikosea. Aliandika OB vizuri. Akauliza namba iliyopokea pesa. Alipoona inaanza na +256, akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "huyu mtu yuko Uganda. Mimi hapa hata kufika Kathiani kikazi lazima niombe gari."

Shangazi akamwuliza, "Afande, si kuna polisi pia huko Uganda? Si mnaongea?"

Afande hakujibu. Na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu la hilo swali, kwa sababu naona ndilo swali la maana zaidi ambalo mtu amewahi kuuliza kuhusu uhalifu wa mtandaoni katika kaunti hii. Si mnaongea?

Malaba anaijua, Malabo haijui

Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na sasa nafanya kazi kwa saiba, najazia watu fomu za KRA, HELB na eCitizen. Lakini kwa familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", kwa hivyo shangazi alinitazama kana kwamba naweza kuifuata hiyo pesa kupitia waya. Sikuweza. Nilichoweza ni kusoma. Nikakaa saiba usiku kadhaa baada ya kufunga, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni mkataba wa Malabo.

Nilipomwambia shangazi, akasema, "Malaba naijua. Hapo ndipo mzigo wangu huchelewa."

Hapana, anti. Malaba ni mpaka wetu na Uganda. Malabo ni mji wa Guinea ya Ikweta, na huko ndiko viongozi wa Umoja wa Afrika (AU) walipokutana Juni 2014 wakapitisha mkataba kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data za watu. Ni mkataba wa bara zima. Unataka kila nchi iwe na sheria dhidi ya wizi na ulaghai wa mtandaoni, sheria hizo zifanane, na nchi zisaidiane kufuatilia makosa yanayovuka mipaka. Kwa maneno mengine, waheshimiwa walikuwa wameshajiuliza swali la shangazi miaka mingi kabla hajaibiwa.

Halafu nini? Mkataba haufanyi kazi kwa kupigiwa makofi. Ulihitaji nchi 15 ziuridhie ndipo uanze kutumika. Nchi 15, katika bara lenye nchi 55. Ilichukua karibu miaka tisa. Mauritania ndiyo iliyofunga hesabu, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 8 Juni 2023.

Sasa angalia orodha ya hizo 15. Kenya haikuwemo. Uganda haikuwemo. Tanzania haikuwemo. Kutoka Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa Rwanda peke yake. Sisi tunaojiita jabali la teknolojia, tuliowaonyesha watu wengi duniani kwamba pesa inaweza kukaa kwa simu tangu M-Pesa ianze 2007, tuliachia Mauritania na Niger kazi ya kuamsha mkataba wa mtandao wa Afrika.

Arusha walianza mapema kuliko wote

Kinachouma zaidi ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilikuwa mbele hata ya AU. Mwaka 2010, mawaziri wa Jumuiya walipitisha mwongozo wa sheria za mtandao, uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la UN la biashara na maendeleo, UNCTAD. Ulizungumzia mikataba na sahihi za kielektroniki, ulinzi wa mnunuzi, data za watu, na uhalifu wa kompyuta. Wakati huo mimi nilikuwa shule ya msingi nikicheza nyoka kwa simu ya mzee.

Lakini mwongozo ni mwongozo. Haumlazimishi mtu. Kila nchi ikaenda kwa wakati wake na kwa maneno yake. Uganda ikapitisha sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011. Tanzania ikaja na yake 2015. Kenya ikasubiri hadi 2018, na Rwanda ikafuata mwaka huo huo. Nchi nne, sheria nne, na kila moja ina makosa yake, adhabu zake na njia zake za kuomba ushahidi.

Kwa nini jambo hili lina maana? Kwa sababu nchi zinaposaidiana katika kesi, moja ya maswali ya kwanza huwa: hiki kitendo ni kosa kwenu na kwetu pia? Hata mkataba wa Malabo umeliweka hilo. Kama sheria hazifanani, wakili mjanja anapata mlango. Na hata zikifanana, lazima ombi lipite njia rasmi. Kenya ina sheria ya kusaidiana kisheria na nchi nyingine tangu 2011, na ombi linapitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Njia hiyo ni sawa kwa kesi ya mabilioni. Kwa Sh38,000 za Tala, mafuta ya gari na karatasi vitazidi deni lenyewe. Mwizi anajua hivyo. Ndiyo maana anaiba elfu 38 kwa watu 100 badala ya milioni 3.8 kwa mtu mmoja.

Wezi wenyewe walishaungana kitambo. Oktoba 2019, idara ya upelelezi ya Rwanda, RIB, ilikamata genge la watu 12 mjini Kigali lililokuwa likijaribu kuingia kwa mifumo ya benki ya Equity huko. Walikuwa Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja. RIB ilisema genge hilo lilikuwa limeshafanya mambo kama hayo Kenya na Uganda. Mwaka 2021 mahakama ikawafunga miaka minane. Soma tena hiyo hesabu: nchi tatu, kazi moja. Hao wamefanikisha utangamano wa Afrika Mashariki ambao Arusha wanauhubiri kila mwaka kwa hotuba.

Na usiniambie nchi zetu haziwezi kukubaliana kuhusu mambo ya simu. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kuondoa zile ada za kupiga simu ukivuka mpaka, na Sudan Kusini ikaingia pia. Viongozi walikaa, wakapiga hesabu, kampuni zikafuata. Ikawa rahisi kwa shangazi kumpigia mama wa Kampala. Ikawa rahisi kwa mwizi pia. Kilichobaki nyuma ni simu ya afande.

Inapotaka, inawezekana

Mtu anaweza kusema haya mambo ni magumu, kwamba mtandao hauna mwenyewe. Lakini tumeona yakifanyika.

Kati ya Septemba na Oktoba 2024, Interpol na AFRIPOL, ambacho ni chombo cha polisi cha AU chenye makao yake Algiers, waliendesha msako uliopewa jina la Serengeti. Nchi 19 za Afrika zilishiriki, Kenya ikiwemo. Watu 1,006 walikamatwa. Hapa Kenya ilifumuliwa kesi ya wizi wa kadi za benki iliyohusishwa na hasara ya dola milioni 8.6, na pesa zilikuwa zimerushwa haraka hadi kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Polisi waliweza kuzifuata huko kote. Mwaka 2025 wakarudia msako huo, wakakamata watu 1,209.

Kuna mwingine ulionigusa zaidi. Kati ya Novemba 2024 na Februari 2025, msako mwingine wa Interpol ulipita katika nchi saba za Afrika. Rwanda walikamatwa watu 45 waliokuwa wakijifanya wafanyakazi wa kampuni za simu au jamaa aliyeumia anayehitaji pesa ya hospitali. Hebu niambie kama hujawahi kupigiwa simu kama hiyo. Huo ndio ulaghai wa mtaani kwetu, neno kwa neno.

Kwa hivyo uwezo upo. Tatizo ni kwamba unakuja kama mvua ya Ukambani: inanyesha wiki mbili, watu wanashangilia, halafu kunakauka. Msako una mwanzo na mwisho. Shangazi hakuibiwa wakati wa msako. Aliibiwa asubuhi ya kawaida, siku ya kazi, na kilichohitajika ni mtu wa zamu.

Wazungu walilielewa hilo mapema. Baraza la Ulaya, ambalo ni shirika la kikanda kama AU tu, lilifungua mkataba wake wa uhalifu wa mtandaoni mjini Budapest mwaka 2001. Ndani yake kuna kitu kimoja nilichokipenda kuliko vingine vyote. Kila nchi mwanachama lazima iwe na ofisi inayopatikana saa 24, siku saba, ambayo polisi wa nchi nyingine anaweza kuipigia na kusema: hifadhini hizi data zisifutwe, ombi rasmi linakuja. Karatasi zitafuata baadaye, lakini ushahidi hautakimbia. Nchi zisizo za Ulaya nazo zimejiunga: Mauritius, Senegal, Ghana, Nigeria. Mkataba wa eneo moja ukawa mkataba wa dunia kwa sababu ulikuwa na simu inayopokelewa.

Kisha kuna UN. Desemba 2024 Baraza Kuu lilipitisha mkataba wa kwanza wa dunia nzima kuhusu uhalifu wa mtandaoni, na Oktoba 2025 zaidi ya nchi 60 zikautia sahihi mjini Hanoi, Vietnam. Utaanza kutumika nchi 40 zikiuridhia. Sisi Wakenya si wageni kwenye hizo meza. Kenya ilikaa kwenye kundi la wataalamu wa nchi 20 lililoandika mwaka 2015 zile kanuni 11 za namna mataifa yanavyopaswa kuheshimiana mtandaoni. Januari 2024, Baraza la Amani na Usalama la AU lilipitisha msimamo mmoja wa Afrika kuhusu sheria za kimataifa mtandaoni. Hayo ni mambo makubwa na siyadharau. Bara likiongea kwa sauti moja, Marekani na China lazima zisikilize kidogo.

Tena tulishaonja kwa nini tunahitaji huo ubalozi wa mtandao. Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa, nilikuwa hapa saiba na foleni imefika mlangoni. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai ni lao. Mwaka uliofuata, waliofungua mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan waliodaiwa kuliendesha ni Wamarekani, katika mahakama ya California. Aliyekosa pasipoti alikuwa mtu wa Kangundo, na kesi ikasomwa ng'ambo ya bahari.

Lakini wacha niseme jambo ambalo huenda mabalozi hawatalipenda. Hanoi ni mbali. New York ni mbali. Mwizi wa shangazi alikuwa upande wa pili wa Busia. Asilimia kubwa ya maisha yetu ya biashara, ya undugu na ya kuibiwa iko ndani ya EAC. Jumuiya yenye nchi nane, yenye makao Arusha, ndiyo saizi yetu. Ni ndogo vya kutosha kwa watu kujuana kwa majina, na ni kubwa vya kutosha kuziba njia ambazo wezi wanatumia.

Hofu yangu, na si ndogo

Mpaka hapa unaweza kudhani naomba polisi wapewe nguvu zaidi. Ngoja kidogo. Mimi ni blogu, na blogu wa Kenya akisikia "sheria ya mtandao" tumbo linasokota kwanza.

Sheria yetu ya 2018 ilipotiwa sahihi mwezi Mei, Chama cha Wanablogu Kenya, BAKE, kilienda mahakamani mara moja na vipengele 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaipitisha sheria yote. Ndani yake kulikuwa na faini ya hadi milioni 5 au miaka 10 jela kwa habari za uongo, na faini ya hadi milioni 20 au miaka 10 kwa kumsumbua mtu mtandaoni. Oktoba 15, 2025, siku ile ile nchi ilipopokea habari za kifo cha Raila Odinga, Rais akatia sahihi marekebisho yaliyoiongezea sheria hiyo meno. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele.

Uganda nao, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao, kile cha "mawasiliano ya kuudhi", baada ya watu wengi kushtakiwa kwa maneno tu.

Na hatujasahau Albert Ojwang. Juni 2025 alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya X kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, akafia seli. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka yule afande wetu na gari la kwenda Kathiani. Kumbe gari hupatikana.

Hata mpaka hufunguka ikitakikana. Novemba 2024 Kizza Besigye alitoweka akiwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hakuna aliyesema Uganda ni mbali. Hakuna aliyeuliza fomu.

Sasa unganisha na ule mkataba wa Hanoi. Unaruhusu nchi kuombana ushahidi wa kielektroniki kwa "kosa kubwa", na kosa kubwa ni lolote ambalo sheria ya nchi inalipa kifungo cha hadi miaka minne au zaidi. Kumsumbua mtu mtandaoni hapa kwetu ni hadi miaka 10. Kwa hivyo posti iliyomuudhi mheshimiwa inaweza kuwekwa kwenye kikapu kimoja na wizi wa benki. Ni kweli mkataba wenyewe una kipengele cha haki za binadamu na unaruhusu nchi kukataa ombi. Lakini anayeamua kukataa ni serikali, na serikali zetu huwa zinakataliana mara ngapi kuhusu wakosoaji?

Hapo ndipo wenzangu wengi husema: basi tusiwe na ushirikiano wowote. Afadhali polisi wasiongee. Naelewa, lakini sikubaliani. Wakitaka kumfuata mwanasiasa au blogu wanaongea tayari, usiku, bila karatasi. Asiye na wa kumwongelea ni shangazi. Ukikataa ushirikiano wa wazi, unabaki na ule wa gizani peke yake.

Ninachoomba

Nimefikiria kama mtu wa saiba, si kama profesa, na naona mambo matatu.

La kwanza, dawati la zamu la Afrika Mashariki. Kila nchi ya EAC iweke ofisi inayopokea simu usiku na mchana, iliyounganishwa na kampuni za pesa za simu. Ukiibiwa, afande wa Kangundo anapiga Nairobi, Nairobi inapiga Kampala, na pesa inazuiwa kwa saa chache huku ombi rasmi likiandikwa. Hatuanzi na kiwanja kitupu. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana shirika lao, EAPCCO, tangu 1998, na sekretarieti yake iko hapo Nairobi kwa ofisi ya kanda ya Interpol. Nyumba ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa karibu na simu.

La pili, Kenya ituambie wazi msimamo wake kuhusu mikataba hii. Malabo, Budapest, Hanoi: tunaingia upi, kwa nini, na kwa masharti gani? Tuna sheria ya 2012 ya kutengeneza na kuridhia mikataba, inayotaka Bunge lipitishe na wananchi wasikizwe. Kusikizwa si tangazo dogo gazetini. Njooni Tala siku ya soko muulize akina mama wameibiwa mara ngapi. Mtapata ushahidi kuliko ule wa hoteli ya Naivasha.

La tatu, kufuli. Hilo dawati lishughulikie wizi, ulaghai, picha za watoto, mashambulizi kwa mifumo ya hospitali na serikali. Lisiguse maneno. Iandikwe waziwazi kwamba hakuna nchi ya EAC itakayosaidia nyingine kumtafuta mtu kwa sababu ya posti, katuni au mzaha. Na afisa atakayevunja hilo, mwananchi aweze kuishtaki nchi yake Arusha. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki si pambo. Machi 2019 iliamua kwamba vipengele kadhaa vya sheria ya vyombo vya habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Mahakama ya kanda ilizuia kile ambacho mahakama za nyumbani wakati mwingine huogopa kukigusa. Hilo ndilo jambo zuri la shirika la kikanda: linaweza kuwa mkono wa polisi, na linaweza pia kuwa mkono unaomshika polisi. Sisi tudai yote mawili kwa pamoja, la sivyo tutapewa la kwanza tu.

Najua kuna msee anasoma hii akisema, "Buda, hayo ni mambo ya wazee wa Arusha." Hapana. Wabunge wetu tisa wanakaa kwenye bunge la EAC, na walichaguliwa na wabunge hawa hawa tunaowatumia ujumbe kila siku kuhusu barabara na basari. Wakija Kangundo kuomba kura 2027, muulize mbunge wako swali la shangazi. Si mnaongea? Ukiona anakohoa, umepata jibu.

Kuhusu zile pesa, hazikurudi. Shangazi aliuza mbuzi wawili akalipa chama elfu 18, kwa sababu alisema jina lake kwa wale akina mama lina thamani kuliko mbuzi. Zile elfu 20 zake amezisahau kwa mdomo, si kwa moyo. OB yake bado imekunjwa ndani ya ile pochi ya kuwekea chenji.

Bado anaagiza vitenge kwa yule yule mama wa Kampala. Kitu kilichobadilika ni kimoja: kabla ya kutuma hata shilingi, anampigia kwanza, wanasalimiana, anamwuliza kitu ambacho mwizi hawezi kujua, kama vile mjukuu amepona kikohozi. Akiridhika na jibu, anatuma. Wanawake wawili ambao hawajawahi kukutana wamejitengenezea itifaki yao ya usalama kati ya Tala na Kampala, bila waziri, bila kongamano, kwa simu ya dakika mbili.

Serikali nane na sekretarieti yao haziwezi kushindwa na hilo.